Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Makumbusho na Magofu ya Lamu: Msiitenge Nyumba na Maji

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia makumbusho, magofu na utalii wa Lamu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na kwa miaka kadhaa sasa ninafundisha Kiswahili na historia katika shule moja ya msingi karibu na Malindi, kaunti ya Kilifi. Wazazi wakikubali kuchanga, kila mwaka huwaleta wanafunzi kwetu. Tunapanda basi alfajiri, tunapita Garsen na Witu, tunashuka Mokowe, tunavuka kwa mashua, na mji unapojitokeza mbele ya maji, watoto waliokuwa wakiimba njia nzima hunyamaza wote kwa pamoja bila ya kuambiwa. Barua hii inahusu yale yanayowafika baada ya kimya hicho.

Hoja yangu ni moja. Nyumba zetu za makumbusho na mahali pa matembezi ya nje, yaani magofu ya Takwa kisiwani Manda, mikoko, vilima vya mchanga vya Shela na pwani ya Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, huonyeshwa kana kwamba hazijuani, ilhali ni somo moja. Tena somo hilo lina walimu wake, ambao ni wazee, mafundi na manahodha wa mji huu, na walimu hao hawajaitwa.

Katika safari yetu ya mwisho tulikuwa wanafunzi 32 na walimu 3. Tuliingia katika nyumba moja ya maonyesho ambayo sitaitaja, kwa sababu sikukusudia kumshitaki mtu. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, na maneno yake alikuwa ameyahifadhi vizuri: hapa ni daka (kibaraza cha mlangoni), hapa tekani, hiki kiwanda (ua wa ndani), huu msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), huu msana wa yuu, kule ni ndani, na zile ukutani ni zidaka (vishubaka). Watoto waliifuata kamba kama wanavyofuata foleni ya chakula cha mchana, wakatokea upande wa pili kabla hazijatimia dakika 15. Mmoja aliniuliza kama tumeshamaliza.

Mama yangu mkubwa, anayekaa Mkomani, alikuwa amekuja kuwaona wageni wangu, akaingia nasi. Alipofika mahali pa vyombo vya jikoni alisimama mbele ya mbuzi ya kukunia nazi iliyowekwa nyuma ya kamba. Kando yake palikuwa na kifumbu, yaani kichujio cha tui, kilichobandikwa karatasi ya Kiingereza iliyokiita kikapu. Akaitazama ile kamba, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika nyumba nzima: “Mwanangu, mbuzi huyu amefungwa kwa kosa gani?”

Watoto walicheka, na kijana wa watu akacheka nao, lakini mama alipoinua kamba apite, kijana alimzuia kwa heshima: “Samahani mama, vitu haviguswi.” Mama akamjibu: “Hiki hukaliwa, mwanangu. Hakitezamwi.” Hakubishana zaidi. Alimtuma mtoto mmoja nyumbani kwake, ambako si mbali, akaletewa mbuzi yake mwenyewe, kifumbu, bakuli na nazi mbili, akakaa kiwandani miguu akiielekeza upande mmoja, akaanza kukuna.

Watoto wa Kilifi nazi si kitu kigeni kwao, na kwa hivyo nilidhani watachoka upesi. Kinyume chake, walianza kubishana. Mama alikuwa akikuna kuanzia ukingoni, akikizungusha kifuu kidogo kidogo dhidi ya meno, na akikaribia weusi huacha, kwa sababu tui likiingiwa na weusi hugeuka rangi. Mvulana mmoja akasema bibi yake huanza katikati. Msichana mwingine akakiri kwamba kwao nazi husagwa kwa blenda, na kwamba bibi yake amegoma kuula wali huo. Mama alilikamua tui la kwanza kwa kukisokota kifumbu kwa mikono miwili, akaliweka kando, akatia maji tena akakamua la pili, akaeleza kwamba hili jepesi ndilo hupikia na lile zito hutiwa mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa. Saa nzima ilipita. Yule kijana wa kamba alikuwa amechuchumaa nasi, na niliona akiandika neno “kifumbu” nyuma ya risiti.

Mama mkubwa hakulipwa siku hiyo, wala hakuomba. Jioni nilimpelekea sukari na majani ya chai akanigombeza. Lakini waheshimiwa, haiwezekani mpango wa makumbusho ukategemea mama wa mtu apite karibu kwa bahati. Ninaomba wanawake wanaojua jiko hili, washonaji wa kofia, wachonga milango na wasuka mikeka wapangiwe siku, wakae ndani ya nyumba hizi wafanye kazi zao za kila siku, na walipwe ujira wa siku kutoka katika kiingilio. Sisemi wavishwe mavazi ya kale waigize. Fundi wa kofia anayeshona kofia aliyoagizwa na mteja wake wa Ijumaa ijayo, huku akijibu maswali, ananitosha kabisa.

Najua jibu linaloweza kutolewa, kwamba vitu vya kale vikiguswa vitaharibika. Ni kweli. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate si vitu vya kupulizwa na kila mtoto anayepita, na milele vibaki chini ya ulinzi. Mbuzi ya nazi, kinu, kawa na mkeka ni vitu vinavyotengenezwa hadi leo. Cha kale kikae nyuma ya kamba, na kipya chake kiwekwe mbele ya kamba, kikaliwe.

Wenzetu wa nchi nyingine walilazimika kutaabika sana ili wapate tulicho nacho. Mwaka wa 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, akihamisha nyumba za zamani kutoka sehemu mbalimbali za Sweden na kuzisimamisha upya kilimani, kwa sababu aliona maisha ya vijijini yakipotea mbele ya viwanda. Dar es Salaam nayo ina Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa upya mahali pamoja. Sisi hatuna haja ya kuhamisha hata jiwe. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na moja ya sababu ni kwamba bado unaishi: watu wanalala katika nyumba hizo, wanaswali katika misikiti hiyo, na wanakutana na punda katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kama walivyokutana naye babu zao. Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba mahali pakimya kuliko pote katika mji huu ni pale tunapouza tiketi za kuuona.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu hawezi kuliruka. Tukiifufua nyumba, tuifufue yote. Nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na bwana na bibi wa nyumba, na zilikuwa pia na watumwa waliochota maji, waliotwanga na waliopanda ngazi na kuni mpaka jikoni juu. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka wa 1907, na wako wazee mjini ambao babu zao waliyaona mambo hayo. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza, palepale kiwandani, ni nani aliyekuwa akikuna nazi hizo zamani. Mama mkubwa alinyamaza kidogo kisha akamjibu kwa ukweli. Ningependa anayeongoza wageni naye awe na ruhusa, na maarifa, ya kujibu hivyo hivyo.

Sasa nije nje. Mtu akisimama katika msana na kuinua macho ataona boriti, na hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ukivuka urefu huo. Ukuta ni matumbawe, na chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Maji ya birika yanatoka ardhini, na mle ndani wamo visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri limezikwa chini ya birika ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. (Watoto hulipenda bakuli hilo kuliko milango yote ya nakshi, nami ninawaunga mkono.) Basi nyumba yote imetoka nje, imetoka baharini, katika mikoko na mchangani. Aliyeiona asubuhi angepaswa kupelekwa mchana huo huo akauone mti wenyewe umesimama katika tope.

Na mahali pa kuuonea ni njia ya maji ya kwenda Takwa. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na biashara ya kupeleka boriti Arabuni na Ghuba iliilisha miji hii kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka wa 1982. Mkono wa maji unaoingia Takwa ni mwembamba, mikoko imefunga pande zote mbili, na mashua ikizima injini unasikia kaa wakikwaruza mizizi. Hakuna chumba cha maonyesho kitakachoweza kushindana na hapo. Lakini mkono huo una mwenyewe, naye ni maji.

Mtu wa Amu hahitaji kuelezwa haya, ila ratiba zinazoandikwa mezani zinaelekea kuyasahau. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, na kwetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri. Maana yake ni kwamba kuanzia saa 4 asubuhi, wakati ambapo shule yoyote imeshakunywa chai na iko tayari kwa matembezi, bahari imekwenda zake. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, lakini hayajai sana, na chombo kizito hakiingii mbali.

Sisi tulikwenda tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Tuliondoka gatini saa 3 asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa aliyotupangia yule tuliyempa kazi ya kutupangia ziara. Katikati ya mkono wa maji mashua iligusa tope, ikasogea, ikagusa tena, ikakaa. Nahodha, mtu mzima mwenye heshima zake, alinitazama akasema, “Mwalimu, saa hii niliikataa. Nikaambiwa wageni wameshalipa.” Tulishuka. Watoto walibeba viatu mikononi wakatembea katika tope la magotini, wengine wakilia na wengine wakifurahi kupita kiasi, na kiatu kimoja cha shule cha mguu wa kushoto kimebaki huko mpaka leo.

Tulifika. Takwa ni mahali pazuri mno, nami sitaki kashfa ya tope ifunike uzuri huo. Msikiti mkuu unasimama na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, mibuyu imejitanua kati ya magofu ya nyumba za mawe, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 Hijria, unaolingana na 1683 hivi. Watu wa Shela bado huvuka kwenda kaburini hapo kuomba mvua, na niliona watoto wakishusha sauti walipoambiwa hivyo, kwa sababu gofu linalozuruliwa kwa dua si gofu tena machoni mwao. Ila kurudi hatukuweza. Chombo kilikuwa kimekaa mchangani, jua lilikuwa la utosini, na maji ya kunywa tuliyobeba yalikwisha saa 6. Wataalamu hutaja kuharibika kwa maji ya visima, kuingiwa na chumvi, kuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu waihame Takwa na kuvuka Shela. Ninakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha, sijawahi kuona darasa likielewa sababu ya kihistoria kwa ukamilifu kama walivyoielewa wale watoto chini ya mbuyu, wakingojea bahari irudi saa 8. Hata hivyo singependa kulifundisha somo hilo kwa njia hiyo tena.

Ninachoomba hapa hakina gharama kubwa. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji hujulikana mwaka mzima kabla. Libandikwe kwa Kiswahili katika mlango wa makumbusho, katika ngome na katika gati la Mokowe, na ziara za Takwa zipangwe kwa jedwali hilo wala si kwa saa za ofisi. Siku za bamvua watu waondoke saa 8 mchana, waingie na maji, wakae magofuni wakati wa alasiri jua likiwa limepoa, watoke kabla maji hayajawaacha na kabla ya magharibi. Mlinzi wa magofu apangiwe zamu inayofuata maji hayo hayo. Siku za maji mafu, vitumike vyombo vidogo asubuhi. Na neno la nahodha kuhusu maji lisipinduliwe na mtu ambaye hajawahi kusukuma mashua. Jaketi za kujiokolea ziwe za kutosha kila kichwa, zikiwemo za watoto, jambo ambalo nisingelitaja kama siku ile tungekuwa nazo 35.

Shela nitaisema kwa ufupi. Mwendo wa kutoka mjini ni dakika 40 hivi kwa miguu, msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka wa 1829, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga ambavyo wageni wengi huviona kuwa ni mahali pa kutelezea na kupigia picha. Watoto nao huteleza, na waache wateleze upande wa ufukweni. Lakini ndani ya vilima vile ndimo maji matamu ya mji wa Lamu yanamohifadhiwa, maji yale yale ya birika, na pwani ile ndipo watu wa Amu walipoyashinda majeshi ya Pate na Mombasa katika vita vya Shela, karibu na mwaka wa 1813, vita vilivyofuatwa na ujenzi wa ngome yetu uliomalizika mwaka wa 1821. Mbao mbili tatu za Kiswahili, njia moja iliyowekewa alama ili miguu isivuruge mimea inayoushika mchanga, na mzee mmoja wa kusimulia, vingetosha.

Matondoni ndiko ambako ningependa siku imalizikie. Pale chombo huundwa mbele ya macho: mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu, na fundi anaigonga kalafati ya pamba katikati ya mbao kwa mlio unaosikika kijiji kizima, kabla ya chombo kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haimtoki mtu nguoni kwa siku tatu. Mtoto aliyeona boriti darini, mkoko katika tope na taruma katika chombo kisichokwisha, hatakuwa na haja ya kuniuliza tena kama tumeshamaliza. Mafundi hao hukatizwa kazi na wageni kila mara na hawapati chochote isipokuwa shukrani. Fungu lao litoke katika tiketi.

Kuhusu tiketi, pendekezo langu ni kuwe na moja ya siku mbili, inayofungua nyumba, ngome, Takwa na Matondoni, yenye bei ya wanafunzi wa Kenya iliyoandikwa wazi, na iliyogawanywa hadharani: kiasi gani kinakwenda kwenye ukarabati, kiasi gani kwa nahodha, kiasi gani kwa fundi na kwa mama wa jikoni. Ngome ile ilikuwa jela tangu 1910 mpaka 1984, na leo ni mahali watu wanaingia kwa hiari na kutoka wakitabasamu. Kwa hivyo sioni kinachoshindikana katika hili.

Inshallah tutakuja tena katika likizo ya Agosti, wanafunzi 40 safari hii. Nitashukuru nikijibiwa mapema mambo mawili: siku tutakayofika maji ya Takwa yatajaa saa ngapi, na kama mama mkubwa aje na mbuzi yake au ya kwenu itakuwa imeshafunguliwa.

Wenu katika kuutumikia mji,

Mwalimu, mzaliwa wa Langoni